Naomi, Abimeleki na Tabibu: Uhakiki wa Hoja ya Kusaidiwa Kufa kwa Wagonjwa wa Akili

Katika mijadala ya maadili ya tiba inayotufikia kutoka Ulaya na Amerika ya Kaskazini, liko jambo moja ambalo watheolojia wetu hawajalitazama vya kutosha, na ambalo hata wenye mijadala hiyo kwa muda mrefu walilitaja kwa sentensi moja kisha wakapita. Katika nchi ambako sheria inamruhusu tabibu kumsaidia kufa mgonjwa wa akili ambaye mwili wake hauna ugonjwa wa kumwua, walio wengi kati ya wanaokufa hivyo ni wanawake. Tena si kwa tofauti ndogo: katika kila watu kumi, wanawake ni kama saba. Lakini tukiwahesabu wale wanaojiua kwa mikono yao wenyewe, hesabu inageuka. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 727,000 walijiua ulimwenguni, na kiwango cha wanaume ni zaidi ya mara mbili ya kile cha wanawake. Mkono unaoleta kifo umebadilika, na jinsia ya wanaokufa imebadilika nao. Makala haya yanakusudia kuzihakiki hoja zinazotolewa kueleza mgeuko huo, na kuuliza zinatuhusu nini sisi tunaohudumu Katoro, mji wa soko na dhahabu ambako neno lenyewe halijulikani.

Kwanza tuseme juu ya neno. Magazeti yetu hupenda kuandika “kifo cha huruma”. Hatutalitumia jina hilo hapa, maana linatoa hukumu kabla ya kesi kusikilizwa. Tutasema “kusaidiwa kufa”, maneno makavu yasiyomsifu wala kumshutumu mtu.

Kisa kilichoufungua mlango huu kilitokea Uholanzi. Mwaka 1991 daktari wa magonjwa ya akili, Boudewijn Chabot, alimsaidia kufa mwanamke wa umri wa miaka 50. Mwili wake ulikuwa mzima. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, na wanawe wawili, wote aliokuwa nao, walikuwa wamekufa. Alikataa kutibiwa huzuni yake, maana hakutaka kuagana nayo. Chabot aliongea naye kwa saa nyingi, akawaandikia wataalamu kadhaa kuomba maoni yao, lakini hakuna hata mmoja wao aliyemwona mwanamke huyo uso kwa uso. Juni 1994 Mahakama Kuu ya Uholanzi ilimwona daktari ana hatia, ila haikumpa adhabu yoyote. Hatia yenyewe ilihusu ushauri huo wa mbali. Juu ya swali kubwa mahakama ilisema kwamba mateso ya nafsi, hata pasipo ugonjwa wa mwili, yaweza kuhesabiwa kuwa mateso yasiyovumilika. Sheria ya Uholanzi iliyoanza kutumika tarehe 1 Aprili 2002 ilijengwa juu ya msingi ambao hukumu hiyo ilikuwa sehemu yake, na Ubelgiji ikatunga ya kwake mwaka huohuo.

Tangu hapo idadi imepanda. Mwaka 2023 Uholanzi iliandikisha wagonjwa wa akili 138 waliosaidiwa kufa. Mwaka 2024 walikuwa 219, kati ya jumla ya watu 9,958 waliosaidiwa kufa kwa sababu zote. Kanada ilipitisha mwaka 2021 sheria iliyokusudia kuwafungulia mlango wagonjwa wa akili pia, ikaogopa, ikaahirisha, na mwaka 2024 ikaahirisha tena hadi Machi 2027. Hofu hiyo tunaiheshimu. Ni nadra bunge kukiri hadharani kwamba halijui linalolifanya.

Sasa tuangalie hesabu ya wanawake na wanaume. Mwaka 2016 Scott Kim na wenzake walichapisha uchunguzi wa mafaili 66 ya Uholanzi ya kati ya 2011 na 2014. Wanawake walikuwa 46. Zaidi ya nusu walikuwa na sonona, na wengi walielezwa kuwa watu wapweke waliotengwa na jamaa. Katika mafaili 16 madaktari walioulizwa hawakukubaliana. Mwaka mmoja kabla, Lieve Thienpont na wenzake wa Ubelgiji walikuwa wametoa taarifa ya wagonjwa 100 walioomba kusaidiwa kufa kwa ajili ya mateso ya nafsi. Wanawake walikuwa 77. Msomaji azingatie kwamba katika wale wanaosaidiwa kufa kwa saratani na magonjwa mengine ya mwili, wanawake na wanaume hukaribiana sana. Tofauti inajitokeza pale tu ugonjwa unapokuwa wa akili. Basi hatuwezi kusema kwamba wanawake wa Ulaya kwa jumla wanapenda zaidi kifo cha hospitali.

Jibu la kwanza linalotolewa ni jepesi, nalo si la uongo: wanawake wanapatwa na sonona zaidi kuliko wanaume, na wanakwenda kwa daktari zaidi. Anayekwenda kwa daktari ndiye anayeweza kumwomba daktari. Haya ni kweli, lakini hayaelezi kitu ila yanalirudisha swali nyuma hatua moja. Kwa nini sonona inawaandama wanawake? Katika mafaili ya Uholanzi zinaonekana tena na tena habari za waliodhulumiwa utotoni, za wajane, za walioachwa. Daktari akiandika “sonona isiyotibika”, kalamu yake inakusanya chini ya jina moja la kitabibu mambo ambayo mengine si ya tiba kamwe. Upweke ukiingia hospitalini huandikwa kuwa ugonjwa. Na ugonjwa ukishindikana, mgonjwa huambiwa kwamba limebaki la mwisho.

Jibu la pili ni zito zaidi, nasi twakiri kwamba lilitusumbua. Wanaolitetea husema hivi: wanawake hujaribu kujiua mara nyingi kuliko wanaume, lakini hunusurika mara nyingi pia, wanaume hujaribu mara chache na kufa. Kwa hiyo, wanasema, sheria hii imeleta usawa. Mwanamume daima amekuwa na njia ya kutoka, ya kikatili na ya upweke. Mwanamke sasa amepewa ya kwake, kitandani, akiwa ameshikwa mkono. Kwa nini Kanisa limwonee mwanamke wivu kwa kifo kilicho chepesi kuliko kile cha kaka yake?

Hoja hii ina udanganyifu uliojificha katika neno “hunusurika”. Inachukulia kwamba kunusurika kwa mwanamke ni kushindwa, kana kwamba alikusudia kazi akaiharibu, na tabibu amekuja kuimaliza. Lakini walio wengi sana kati ya wale wanaojaribu kujiua na kuokolewa hawafi kwa kujiua baadaye. Wanaishi. Kujaribu kwao kulikuwa na ujumbe ndani yake, na mara nyingi ujumbe huo ulikuwa na anwani: mume, mkwe, mama, wakati mwingine Mungu. Marie Nicolini na wenzake, wakiandika mwaka 2022, walionyesha kwamba uwiano wa wanawake kati ya waliosaidiwa kufa unafanana na ule wa wanaojaribu kujiua, wala si ule wa wanaokufa kwa kujiua. Tukiliweka jambo hilo kwa lugha ya uchungaji, ni kwamba tabibu anawafikia hasa wale ambao, bila yeye, wengi wangekuwa hai. Kuuita huo usawa ni kuwasawazisha wanawake na wanaume kwa kuwashusha wanawake kaburini. Usawa wa kweli ungewatafuta wanaume kabla hawajafa.

Liko na jibu la tatu, ambalo kwa kawaida husemwa kwa sauti ya chini: mwanamke hufundishwa tangu utoto kutokuwa mzigo. Yeye ndiye anayeuguza, na anapougua mwenyewe hajui kupokea. Hapo ndipo hoja ya hiari inapodhoofika. Hatusemi kwamba mwanamke hana hiari. Kusema hivyo kungekuwa kumtukana, na Kanisa letu limewatukana wanawake vya kutosha. Tunasema kwamba ombi la mtu lina historia, na anayelipokea ombi bila kuiuliza historia yake hajamheshimu mwombaji kwa kadiri anavyodhani.

Kwa nini mambo haya yaandikwe kutoka Katoro? Tanzania haina sheria ya namna hiyo, wala hatuoni dalili yake. Kanuni yetu ya Adhabu inamhukumu anayemsaidia mwenzake kujiua, na hata aliyejaribu akanusurika huhesabiwa kuwa ametenda kosa. Lakini anayehudumu katika ukanda huu wa dhahabu, kutoka Katoro na Buselesele hadi Nyarugusu na Rwamagasa, analijua ombi hilo kwa maneno mengine. Linakuja baada ya ibada, watu wakiisha kutawanyika: “Mchungaji, niombee Bwana anichukue, nipumzike.” Wanaolisema ni akina mama. Wengine ni wajane ambao waume zao walifukiwa na duara. Wengine ni wanawake waliokuja kuuza chakula kwa wachimbaji wakaachwa na watoto. Wengine ni bibi wazee ambao vijana wao wamehamia machimbo mengine na hawajatuma hata salamu. Wanaume hawaombi hivyo. Katika miaka yote ya huduma hatujamwona mwanamume akingoja nyuma ya ibada aseme neno hilo. Habari za mwanamume zinatufikia kwa mwenyekiti wa kitongoji, akiisha kufa, na swali tunaloulizwa ni kama tutamzika.

Yaani mgeuko uleule ulioonekana katika mafaili ya Uholanzi tunaukuta hapa pasipo tabibu na pasipo sheria. Mwanamke anaomba kifo kwa mtu mwingine, mwanamume anakichukua. Tofauti ni kwamba huku anayeombwa ni mchungaji, na alichoombwa ni sala. Wachungaji wengi, tena si kwa ubaya, hujibu kwa kukemea: usiseme hivyo mama, ni dhambi. Mama hunyamaza. Hatujui kama amepona au ameacha tu kutuambia.

Lipo jambo jingine la Katoro ambalo wanafunzi wetu wa maadili hawana budi kulijua. Dhahabu ya wachimbaji wadogo hukamatwa kwa zebaki, kisha zebaki huchomwa motoni, na moshi wake huvutwa na yeyote aliye karibu, mara nyingi nyuani mwa nyumba anamopika mama na kucheza mtoto. Sumu hiyo huingia katika mishipa ya fahamu. Hutetemesha mikono, hufukuza usingizi, hubadili tabia ya mtu hata ndugu zake wasimtambue. Rwamagasa ilichunguzwa na Umoja wa Mataifa katika mradi wake wa zebaki mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa sababu hiyo. Basi anapoletwa kwetu mtu “aliyechanganyikiwa”, ambaye bafumu wamekwisha kumtaja jirani aliyemroga, yawezekana ugonjwa wake umetoka katika kikaango. Neno “hautibiki”, ambalo ndilo nguzo ya hoja yote ya Ulaya, huku linasemwa kabla hata sababu haijatafutwa.

Na tukitaja kurogwa, hatuwezi kupita kimya. Usukuma na mikoa jirani imekuwa kwa miongo mingi uwanja wa mauaji ya watu walioitwa wachawi. Simeon Mesaki, aliyeyachunguza, aliandika kwamba kati ya 1970 na 1984 waliuawa Tanzania Bara watu 3,693 kwa sababu hiyo, wanawake 2,286 na wanaume 1,407, na sehemu kubwa walikuwa wa huku kwetu. Wengi wa wanawake hao walikuwa wazee, na macho yao mekundu yaliyohesabiwa kuwa ushahidi yalitokana na moshi wa jikoni wa miaka hamsini. Hatuwalinganishi madaktari wa Amsterdam na wauaji wa usiku. Anayefanya hivyo anawadhulumu. Tunachotaka kionekane ni kwamba jamii huweza kumwambia mwanamke mzee, kwa njia nyingi zisizo na panga, kwamba siku zake zimezidi. Bibi aliyesikia hayo kwa miaka kumi akisema heri afe, sauti ni yake, lakini maneno alifundishwa.

Tuyaendee Maandiko. Jambo la kushangaza ni kwamba wanaomwomba Mungu wafe, katika Agano la Kale, ni wanaume: Musa katika Hesabu 11, Eliya chini ya mretemu, Yona nje ya Ninawi, Ayubu, Yeremia anayeilaani siku ya kuzaliwa kwake. Rebeka husema amechoka kuishi na Raheli hudai watoto au kifo, ila hao wanaongea na waume zao. Labda manabii walijua kusema kile ambacho wanaume wa machimbo wamesahau kukisema. Na jibu la Mungu kwa Eliya halina kemeo: usingizi, mkate, maji, usingizi tena, mkate tena. Hotuba inakuja siku arobaini baadaye.

Wanaosaidiwa kufa nao wapo, au waliotaka kusaidiwa. Sauli, akiwa amejeruhiwa, anamwomba mchukua silaha zake amwue, na kijana anakataa kwa hofu. Baadaye Mwamaleki anajisifu kwa Daudi kwamba yeye alimmalizia mfalme, na anauawa kwa neno lake mwenyewe. Lakini kifungu tunachotaka kukitaja hasa ni Waamuzi 9:54, ambacho hatukumbuki kukisikia kikihubiriwa. Abimeleki ameangushiwa jiwe la kusagia na mwanamke kutoka mnarani, fuvu limevunjika. Anamwita kijana wake amwue upesi. Haombi kwa sababu ya maumivu. Anaomba ili watu wasiseme kwamba aliuawa na mwanamke. Kijana anamtii. Huyo ndiye mtu wa Biblia ambaye kusaidiwa kwake kufa kunasimuliwa moja kwa moja, na sababu iliyoandikwa ni heshima ya kiume. Kejeli ya mwandishi ni kwamba Yoabu, vizazi baadaye, katika 2 Samweli 11, anamkumbuka Abimeleki kama mtu aliyeuawa na mwanamke. Kusaidiwa kwake hakukumsaidia.

Sasa Naomi. Amefiwa na mume, kisha na wana wawili. Anarudi Bethlehemu akiwaambia wanawake wa mji wasimwite tena Naomi, wamwite Mara, kwa maana Mwenyezi amemtenda machungu. Yule mwanamke wa Uholanzi alikuwa na miaka 50, mume hakuwapo tena, na wanawe wawili walikuwa kaburini. Tulipofananisha visa hivi viwili mara ya kwanza tuliogopa kwamba tumefanya mchezo wa mahubiri. Tumevirudia, na ufanano unasimama. Wote wawili wanakataa kufarijiwa. Wote wawili wana akili timamu. Naomi anapanga hoja zake kwa Ruthu na Orpa kama wakili. Kama ingalikuwapo Moabu tume ya madaktari, ingaliona kwamba ombi lake ni la hiari, limefikiriwa vema, na mateso yake hayana dawa.

Kilichotokea badala yake si tiba. Mkwewe alikataa kuondoka. Maandiko yanasema Ruthu aliambatana naye, na Naomi alipoona hivyo akaacha kusema naye. Wahubiri wetu wengi hurukia hapo hadi Boazi na mavuno, na kumfanya Naomi kuwa funzo la subira. Twaona wanakosea. Sura ya kwanza inakwisha na Naomi akiwa bado Mara, hajapona, bado anamshitaki Mungu, tena mbele ya watu, na akisema kwamba amerudi mtupu ilhali Ruthu amesimama kando yake. Hata shukrani haikuwapo. Ruthu alikaa hivyohivyo. Chabot, kwa haki, alikaa pia. Saa zake na mwanamke yule zilikuwa nyingi kuliko zile ambazo mchungaji wa kawaida humpa mshirika kwa mwaka mzima. Lakini alikaa kama mtu anayepima, akitafuta jibu la ndiyo au hapana. Wala hatumlaumu yeye peke yake. Tunauliza wako wapi waliokuwa wakae bila kupima.

Msomaji wa fasihi ya Kiswahili atakuwa amekwisha kumkumbuka Kezilahabi, mwana wa Ukerewe, aliyefariki mwaka 2020. Katika Rosa Mistika (1971) binti wa kisiwani anajiua. Katika Kichwamaji (1974) kijana msomi Kazimoto anajiua. Ziwa ni moja, mwandishi ni mmoja, lakini tazama jinsi vifo viwili vilivyogawiwa. Kazimoto anasimulia mwenyewe. Kifo chake kinatokea mwisho wa fikra ndefu juu ya maana ya kuishi. Rosa anasimuliwa na mwingine. Kifo chake kinatokea mwisho wa aibu, baada ya wanaume, akianza na baba yake Zakaria, kuamua thamani yake. Mwanamume amepewa falsafa na mwanamke amepewa fedheha. Wahakiki wengi wamemsifu mwandishi kwa kuwaonyesha wazazi matokeo ya ukali wao, nasi twakubali. Ila tunaona kwamba mgawanyo huo ndio uleule unaoongoza mpaka leo masikio ya madaktari na ya wachungaji: mwanamume akitaka kufa tunatafuta wazo lake, mwanamke akitaka kufa tunatafuta jeraha lake. Rosa anasema kwa sauti yake kamili baada ya kufa tu, pale anapobishana na baba yake mbele ya Mungu. Kwa mwanatheolojia hiyo ndiyo sura bora ya riwaya, japokuwa kwa mpenda hadithi inaonekana imebandikwa.

Walutheri tunayo urithi wa kutazama. Luther, katika mazungumzo ya mezani ya mwaka 1532, hakukubali kwamba kila aliyejiua amepotea. Aliwafananisha na mtu aliyeuawa na mnyang'anyi msituni, kwa kuwa si hiari yao bali wameshindwa nguvu na Shetani. Alitaka, hata hivyo, watu wasifundishwe hivyo kwa wepesi. Tunaipenda rehema hiyo, lakini tuone pia kwamba inakata pande mbili: ikiwa anayetaka kufa amevamiwa na mnyang'anyi, hatuwezi kumpa mnyang'anyi kibali cha daktari.

Na iko Betheli. Wamisionari wa Betheli ndio waliohubiri Usambara na Bukoba; na Lutindi, katika milima ya Korogwe, iliyoanza 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, iligeuzwa mwanzoni mwa karne ya 20 kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili, nayo hadi leo ni hospitali ya Kanisa letu. Mwaka 1940, serikali ya Hitler ilipotuma fomu za kuwaorodhesha wagonjwa ili waondolewe, Friedrich von Bodelschwingh, mkuu wa Betheli, alikataa kuzijaza, na mwenzake Paul Gerhard Braune aliandika waraka wa kupinga akatiwa kizuizini. Hadi Agosti 1941 watu wapatao 70,000 walikuwa wameuawa katika mpango huo. Wahubiri hupenda kuishia kwenye ushujaa. Tuongeze basi kwamba Betheli hiyohiyo ilikuwa imeitii miaka michache kabla sheria ya kuwaondolea wagonjwa uwezo wa kuzaa. Wale hawakuulizwa, wa leo wanaomba wenyewe, na anayesahau tofauti hiyo hastahili kusikilizwa. Lakini Lutindi inafundisha kitu ambacho fomu haina mahali pa kukiandika: mgonjwa asiyepona hulima, hula mezani na wengine, huimba sala ya jioni, na miaka inapita.

Tunarudi katika uwanja wetu. Tarehe 9 Januari 2025 Jaji Lawrence Mugambi wa Mahakama Kuu ya Kenya alitamka kwamba kifungu cha sheria kinachomwadhibu aliyejaribu kujiua kinapingana na Katiba ya nchi hiyo. Sheria yetu bado ipo. Kwa maoni yetu KKKT ingefaa kuliambia taifa wazi kwamba mtu aliyeokolewa hapaswi kupelekwa polisi kabla ya kupelekwa hospitali. Hofu ya polisi inawafanya jamaa wafiche, na anayefichwa hatibiwi. Wala tusiseme hivyo kwa serikali huku tukiendelea na desturi ya baadhi ya sharika kuwanyima waliojiua ibada ya mazishi. Desturi hiyo inawaangukia hasa wanaume, kwa kuwa wao ndio wanaokufa, na wanaobaki kuibeba ni wajane. Mchungaji anayekataa kuingia nyumbani humwadhibu mwanamke kwa tendo la marehemu, na mwaka unaofuata mwanamke huyo ndiye anayengoja nyuma ya ibada.

Tangu Juni 2025 daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa, na mgonjwa anayetoka Katoro kwenda Bugando hangoji tena kivuko. Tumewasindikiza baadhi yao. Kijana aliyeugua akili husindikizwa na mama yake, au dada, au mke. Mara nyingine wote watatu, na vikapu vya chakula. Mama anapougua yeye, tumeona akipanda basi peke yake, au na mtoto wa darasa la tano anayeshika karatasi za hospitali.